Nilivyobisha hodi kwa mwenye bwawa Nansha kuomba kuwinda kaa, huku kila mtu ananiambia niingie kimya kimya

Wakuu, habari za mida hii.

Hili jambo nimekaa nalo muda. Leo naliandika kama lilivyokuwa, sitii chumvi, na wale walionicheka kwenye group letu la wafanyabiashara wa Guangzhou naomba wasome hadi chini. Shahidi ninaye, yumo humu jukwaani, akitaka atajitokeza mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Mafia, na huku China nimekaa miaka mingi kiasi kwamba wauza mboga wa mtaani kwangu wananiulizia nisipoonekana. Natafutia wateja wa Dar na Zanzibar bidhaa, nakusanya mizigo, nasimamia ikipakiwa kwenye kontena. Ofisi yangu ni meza moja juu ya duka la simu pale Dengfeng, Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou. Wananiita Mama Rukia.

Ila kabla ya kontena zote hizo, mimi ni mwindaji wa kaa.

Shangazi yangu alinifundisha nikiwa bado sijaanza shule. Maji yakitoka unaingia kwenye mikoko, unatazama matundu. Tundu lenye tope bichi mdomoni, mwenyewe yumo ndani. Unaingiza fimbo yenye ndoano ya chuma, unasikiliza kwa mkono. Akiikamata unamvuta taratibu, maana ukimharakisha anakuachia gando na yeye anabaki zake.

(Wenye hoja ya kwamba kaa haliwi, najua mpo. Fungueni uzi wenu, mimi nilishakula.)

Kitu kingine alichonifundisha ni adabu ya kuingia. Kwetu kila kipande cha mikoko kina watu wanaokitunza. Hupiti bila kubisha hodi nyumba ya karibu. Na ukitoka, unamwaga kikapu chako chini mbele ya mwenyewe, aone ulichopata, achague mmoja wa kwake, ndiyo unaondoka. Kikapu kilichofunikwa kwetu ni kikapu cha mwizi.

Shikeni hilo la kikapu.

Sasa, kazi yangu inanipeleka sana bandari ya Nansha. Ukiwa unaelekea huko, pembeni kuna mabwawa ya kufugia kamba na kaa, mengi mno, na kati ya bwawa na bwawa kuna matuta ya udongo. Nje ya matuta kuna mifereji ambayo maji ya bahari yanaingia na kutoka. Na kwenye kingo za mifereji hiyo, wakuu, kuna mikoko.

Siku ya kwanza kuiona nilimwambia Wambua asimamishe gari.

Wambua ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, ananunua spea za pikipiki anapeleka Nairobi. Mizigo yetu huwa tunaichanganya, kwa hiyo tunasafiri pamoja. Nilishuka, nikachungulia ukingo. Matundu! Yana tope bichi! Nilihisi mikono inaniwasha.

Wambua akacheka. "Sasa Mama Rukia, si tuingie tu? Hakuna mtu hapa. Tunashika mbili tatu, tunatoka, nani atajua?"

Nikamwambia siingii shamba la mtu kama panya.

"Aki wewe. Hii ni China. Ukiomba utaambiwa hapana. Usipoomba hakuna mtu wa kukuambia hapana."

Hiyo sentensi iliniudhi kuliko anavyojua. Maana ndivyo wengi wetu tunavyoishi huku. Tunapita pembeni ya ukuta. Hatuulizi, tusije tukakataliwa. Mtu ana viza halali, ana biashara halali, ana kodi ya nyumba imelipwa, lakini akimwona askari anavuka barabara. Mimi nimechoka na hayo maisha. Nikasema nitaomba, na nitaomba mlango wa mbele.

Wanaouliza kwa nini nisinunue sokoni: kaa wapo, wamefungwa kamba vizuri, nanunua kila nikitaka. Sikutaka kitoweo. Nilitaka kuwinda. Ni kitu pekee nilichonacho ambacho hakiuzwi kwa mtu.

Basi tukatafuta lango la lile bwawa. Mwenyewe ni mzee mmoja mkavu, ana kofia ya majani, jina lake Liang. Nikamsalimia, laoban, yaani bosi, nikamwonyesha fimbo niliyookota njiani, nikamwonyesha mfereji, nikamweleza kwa Kichina changu cha sokoni kwamba bwawani siendi, nataka wale wa nje tu.

Akapunga mkono. "Bu xing." Haiwezekani.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni sisi tu wa Guangzhou tungelifanya. Mtu aliyezoea kununua nguo Guangyuan Xilu, bu xing kwake siyo jibu. Ni salamu. Muuzaji akikuambia bu xing, unatabasamu, unageuka, unaanza kuondoka polepole ukiangalia pembeni, na kabla hujafika mlangoni atakuita, pengyou, rafiki, rudi tuongee.

Kwa hiyo nikageuka. Nikaondoka kwa madaha. Nikafika mwisho wa tuta. Hakuna aliyeniita.

Nikasikia mnyororo. Nikageuka nikakuta lango limefungwa na mzee hayupo.

Wambua alicheka hadi akakaa chini. Kwake lile lilikuwa jambo la kusimulia wiki nzima, na alilisimulia kweli, Xiaobei nzima wakajua Mama Rukia kamkatia mzee bei ya hapana.

Nilikasirika, sikatai. Lakini nilipokwisha kukasirika nikaona mzee hakuwa na kosa. Yeye alisema hapana ya kweli, mimi nikaichukulia ni ya sokoni. Na ruhusa huwezi kuibana mpaka ishuke kama bei ya jinzi.

Nikarudi huko na mzigo mwingine, safari hii nikaanzia ofisi ya kijiji. Maana huku ardhi si ya mtu binafsi kama tunavyodhani. Ni ya kijiji, na hawa wenye mabwawa wamekodi. Nikaona niulize walioikodisha wanasemaje.

Ofisini nilimkuta kijana mmoja wa miwani, anaitwa Chen. Niliweka pasipoti mezani kabla hajaiomba. Nikaandika kwenye app ya kutafsiri: Mimi ni mfanyabiashara kutoka Tanzania, nataka kuwinda kaa kwa fimbo kwenye mfereji wa nje wa bwawa la mzee Liang, naomba kujua kama inaruhusiwa.

Alisoma. Akaniangalia. Akasoma tena. Akaangalia pasipoti, viza, mpaka muhuri wa siku niliyoingia. Halafu akanijibu kwa app hiyo hiyo kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa hivyo na mgeni, kwamba mikoko ya hifadhi iliyo mbele kuelekea baharini nisiiguse kabisa, lakini mfereji ule kijiji hakina kipingamizi, mwenye kauli ni aliyekodi.

Nikashukuru, nikaondoka.

Habari ilipofika Xiaobei, sasa kicheko kikawa lawama. Mzee wetu mmoja, mtu wa Unguja, ninamheshimu sana, aliniita dukani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia huku uso umekunjamana.

"Mwanangu, umejipeleka mwenyewe kwa serikali na pasipoti mkononi? Kwa ajili ya kaa?"

"Nimeuliza tu, mzee."

"Siku kikiibiwa kitu kule, wa kwanza kukumbukwa ni wewe. Wataandika mwizi, viza haitaongezwa, utarudi nyumbani na begi moja. Na sisi tuliobaki tutaangaliwaje?"

Nikaaga kwa heshima. Lakini moyoni niliwaka. Kila nilichojenga kwa miaka yote ile kipo kwenye karatasi moja ya viza, nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ada ya shule ya mwanangu Rukia inatoka hapo. Na bado nikajiambia kwamba kama kuomba ruhusa kunaweza kunifukuza nchi hii, basi nilikuwa sijawahi kukaa humu, nilikuwa najificha tu.

Nikarudi kwa Liang. Mara hii sikuongea. Alikuwa amekaa kibandani kwake anakunywa chai, nikakaa kwenye benchi nje ya lango. Wambua akabaki garini. Mzee aliniona, akaendelea na chai yake. Mimi nikaendelea na benchi langu.

Mwishowe akafungua, akanisukumia kikombe. Alipomimina, nikagonga meza kwa vidole viwili. Watu wa huku Guangdong ndivyo wanavyoshukuru chai, nimejifunza kwa mabosi wa viwandani. Mzee akatazama vidole vyangu, akacheka, meno machache.

Nikamwambia: mfereji wa nje tu. Ukisema hapana naondoka, na sirudi.

Akasema sawa. Ila atanifuata nyuma.

Na akanifuata kweli! Kila tundu ninaloinamia, kivuli chake kipo mgongoni, mpaka nilipovuka mfereji na mikoko ikanificha. Iliniuma, sitadanganya. Lakini tope lilipofika magotini nilimsahau. Kaa wa kwanza alipoishika fimbo nikasikia ule mvuto kwenye kiganja, nikacheka peke yangu kama mtoto. Wambua, niliyemwita kutoka garini, alikuwa anashika kikapu huku anaruka ruka, mwanamume mzima anaogopa magando.

Tulipomaliza nikafanya kama nilivyolelewa. Nikamwaga kikapu chote kwenye mkeka mbele ya mzee, nikamwonyesha kwa mkono achague mmoja.

Akamchukua mkubwa kuliko wote. Nikatabasamu, ni haki yake.

Kumbe hakuwa anachagua. Alimgeuza tumbo, akamgeuza mgongo, akaanza kupiga kelele kwamba huyu ni wa bwawani kwake. Kaa wa nje hawi mkubwa namna hii. Nimemwibia.

Wakuu, nilisikia damu inapanda mpaka masikioni.

Wambua akanivuta mkono. "Mama Rukia, mwachie. Mwachie zote, twende. Ni kaa tu."

"Akimchukua kama zawadi, achukue. Akimchukua kama wa wizi, hapana."

"Atapiga simu!"

"Apige."

Nikamwambia na mzee mwenyewe, kwa Kichina changu kibovu, da dianhua, piga simu. Nikatoa pasipoti kwenye mkoba, nikaiweka juu ya mkeka wake, katikati ya wale kaa. Nikakaa chini.

Akapiga. Wambua alisogea hadi karibu na gari. Simlaumu, ana watoto.

Aliyekuja kwa pikipiki ya umeme alikuwa Chen, yule kijana wa miwani wa ofisi ya kijiji.

Mzee akamwaga maneno yake yote kwa Kikantoni, sikuambulia kitu. Chen akasikiliza, akaniangalia na tope langu, akaangalia pasipoti kwenye mkeka. Akamjibu mzee kwa Mandarin, polepole, nadhani makusudi ili na mimi nisikie.

Alisema: Huyu alikuja ofisini akaniuliza kabla hajashika kaa hata mmoja. Aliniachia jina lake. Mwizi gani anajiandikisha kwanza?

Halafu akaniuliza huyu mkubwa nimemtoa wapi. Nikainuka, nikawapeleka. Tundu lilikuwa ukingo wa ng'ambo ya mfereji, mbali na tuta, na alama ya mkono wangu mpaka begani ilikuwa bado kwenye tope. Mzee aliinama, akaangalia, akaanza kurudi.

Hakuniomba radhi. Na mimi sikumdai. Tuliporudi alimweka yule mkubwa kwenye kikapu changu, akachagua wa wastani, akaingia kibandani kwake.

Jioni ile niliwapika wote kwa nazi, nikampelekea yule mzee wetu wa Unguja bakuli dukani. Alikula. Bakuli lilirudi limefutwa kwa mkate.

Sasa niseme nini, wakuu?

Wote mliniambia kuomba kutaniponza. Kuomba ndiko kulikoniokoa. Ningeingia kimya kimya kama mlivyotaka, siku ile mzee Liang anashika kaa mkononi na kumnyooshea kidole mwanamke mweusi mwenye tope, nani angesema namjua? Hakuna. Ningekuwa Dar sasa hivi.

Kwa hiyo popote unapowinda, iwe ni kanga wa Singida au kaa wa Nansha, nenda kwa mwenye eneo. Simama mlangoni. Sema jina lako na unachokitaka. Akikataa umekataliwa, hujafa. Na wanaonuia kuniuliza habari za bunduki huku, hapana, usiguse hata ya kuchezea.

Mnaoona nilijitafutia balaa, karibuni, nawasubiri hapa hapa, nimeshaweka chai. Wenye visa vya kuomba ruhusa nanyi shusheni, hasa mliokataliwa.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kama bado naenda. Nimetoka huko leo mchana. Mzee alikuwa kibandani na vikombe viwili mezani, na lango amelifungua kabisa, ishara kwamba nipite tu.

Nikalivuta nikalifunga. Halafu nikabisha hodi.