Dole Gumba la Baba Kadzo

Aibu hii ningeweza kuichimbia shimo ningeifukia, lakini soko zima la Mambrui limeshaisikia na kila mtu ameitia chumvi yake, basi bora muisikie kwangu mimi mwenye nayo.

Binti yangu Kadzo alitaka kugombea kiti cha wadi kwa chama kidogo, kidogo hasa, ofisi yake ni chumba nyuma ya kinyozi. Sheria nayo ikasema chama kama hicho hakiingii kwenye karatasi ya kura mpaka kilete orodha ya wadhamini, kila mtu na jina lake, nambari ya kitambulisho na alama ya dole gumba. Chama kikaenda mahakamani Malindi kulalamika kwamba vyama vikubwa havisumbuliwi hivyo, na jaji akasema atawasikiliza, ila kesho yake orodha iwe mbele yake, imejaa.

Kadzo alizunguka mashamba hadi viatu vikaachama. Akarudi jioni, akajitupa mkekani akalala, na orodha imebaki mstari mmoja mtupu. Mmoja tu! Na mimi kitambulisho sina, changu kilipotea zamani.

Mimi nikafanya ninalofanya siku zote likija jambo la nyumba. Nilichukua kifuu cha tembo la mnazi, na ile orodha na wino wake, nikaenda nyuma ya jiko penye koma ya mume wangu (kile kigingi tulichomsimikia alipokufa, maana kwetu aliyekufa hatoki katika hesabu ya nyumba), nikamwagia, nikamwambia, "Baba Kadzo, mwanao amepungukiwa na mtu mmoja. Wasemaje?" Upepo haukuwapo, hata jani halikutikisika, lakini ile karatasi iliinuka upande mmoja, ikalala tena. Nikaona amekubali. Nikaandika jina lake, Kazungu Mwaro (nimesoma hadi darasa la pili, lakini jina la mume wangu nalijua), nikanakili nambari kutoka kitambulisho chake ambacho sikukirudisha serikalini, nikachovya dole langu kwenye wino, nikapiga. Dole langu mimi, sikilizeni vizuri. Wino ulinikaa hadi asubuhi.

Kadzo sikumwambia.

Huko mahakamani tumejaa mabenchi yote, wakili wa upande wa pili, wa serikali, akasimama na orodha mkononi. "Kazungu Mwaro yupo?"

Na mdomo wangu huu, ambao hakuna aliyeuuliza, ukajibu, "Yuko nyumbani."

"Anaweza kuja, bibi?"

"Haji."

"Mgonjwa?"

"Hapana, ugonjwa ulishamwacha."

"Yuko nyumbani wapi hasa?"

"Nyuma ya jiko."

"Anafanya nini nyuma ya jiko?"

"Kazikwa."

Watu walicheka hadi askari akagonga meza. Kadzo hakucheka. Alinigeukia akasema polepole, "Mama, umenizika pamoja naye."

Nikasimama nimwokoe mwanangu. "Mheshimiwa, mtoto hajui lolote. Jina nimeandika mimi, na dole ni langu."

Jaji akaagiza niletewe wino. Nikapiga dole mbele ya watu wote, karani akaziweka alama mbili pamoja, akainama, akatazama, akatazama tena, kisha akampelekea jaji.

"Mama," jaji akasema, "hili si dole lako."

Wakanisogezea nione. Langu lilikuwa dogo, mistari imefutika kwa miaka ya jembe na mbuzi ya nazi. Lile la kwenye orodha lilikuwa pana, limekatwa mshazari na mstari mweupe, kutoka ncha hadi kwenye kiungo. Mume wangu alikuwa mgema. Kisu cha kugemea kilimpasua dole gumba mwaka tuliooana, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Nilikaa.

Orodha ikatupwa. Jaji alisema maiti hadhamini mtu, awe amepigiwa dole na nani, na yale malalamiko ya chama hayakusikilizwa tena. Kadzo hakuingia kwenye karatasi ya kura, na mwezi mzima alinipa shikamoo tu, hakuna la zaidi.

Tembo nampelekea mume wangu bado, siwezi kumnyima. Lakini namwambia wazi: "Kunywa, Baba Kadzo, ya serikali usinisaidie tena, nami sikuombi." Kisha kifuu nakiosha papo hapo, macho nikiyapeleka kando, nisije nikaona ni dole la nani limekishika.