Shemeji na Piramidi Nne

Kaka mkubwa wa mume wangu hajawahi kufundisha hata darasa moja, lakini kule Columbus, Ohio, anakoishi watu wa kanisani kwake wanamwita profesa, naye anaitika. Mimi nilifundisha hesabu Uvira, Kongo, miaka tisa. Hapa Louisville nafunga maboksi ghalani.

Mwaka juzi alikuja kututembelea kwetu mtaa wa Iroquois, akakaa kwenye kochi kama mkaguzi. Binti yetu wa darasa la tano alikuwa mezani na karatasi ya shule yenye michoro ya piramidi nne. Alitakiwa kuandika jina la kila moja kwa kutazama umbo la kitako chake. Ya kwanza aliandika mraba. Ya pili, pembetatu. Shemeji akainama, akagonga karatasi kwa kidole chenye pete.

"Futa hiyo. Bon, sikia, piramidi ina kitako cha mraba. Ulishaona wapi ya Misri yenye pembetatu?"

"Lakini baba mkubwa, hii chini ina pembe tatu."

"Wameichora vibaya. Andika mraba."

Mtoto akaandika mraba zote nne, hata ile ya pembe sita. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wa kwetu, nikasikia kila neno. Mume wangu alinikazia macho, nikarudi kwenye sufuria. Nilimdharau yule mtu mpaka mwiko ukawa unagonga sufuria wenyewe, na nilijidharau mimi zaidi.

Karatasi ilirudi na vema moja na mikasi mitatu ya makosa. Binti yangu aliiweka mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza, "Wewe si ulikuwa mwalimu? Mbona hukusema?"

Kesho yake nilileta makatoni mabovu kutoka kazini, tukakata na kugundisha piramidi nne, kila moja na kitako chake: pembetatu, mraba, pembetano, pembesita.

"Juu usitazame," nilimwambia. "Juu zote zina ncha moja. Geuza, uhesabu pande za chini."

Baada ya siku mbili alikuwa anazitaja kwa kupapasa tu, macho ameyafumba.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Buffalo kwenye harusi ya mpwa wetu. Shemeji alikuwepo, tai imemkaba, akiwasimulia wageni jinsi alivyomjengea mtoto wetu msingi wa hesabu. Akamwita.

"Waambie nani alikufundisha piramidi."

Binti yangu, ambaye Kiswahili hukitoa kwa shida, alikitoa siku hiyo. "Ulinifundisha ya mraba, baba mkubwa. Zingine nilifundishwa na mama."

"Zingine zipi?" akauliza. Aliuliza kweli! Miaka miwili, na hakuwa amefungua hata kitabu.

"Shemeji," nikasema, na meza nzima ikasikia, "piramidi inaitwa kwa kitako chake. Ya pembetatu ipo, ya pembetano ipo. Ulimkosesha mtoto maswali matatu."

Alinyoosha tai. "Donc, basi, sisi Kongo tulifundishwa hivyo."

"Kongo nilifundisha mimi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Shemeji akainuka kwenda kuongeza samaki, hakurudi kwenye meza yetu.

Tukiwa njiani kurudi, tuliingia Ohio. Hapo mume wangu akaniambia ningemwita shemeji pembeni. Nilimjibu kwamba huyo kaka yake hakumwita mtoto pembeni. Kabla ya harusi shemeji alikuwa ametualika tulale kwake tukirudi. Tulipita Columbus bila kusimama, na mume wangu ndiye aliyekuwa anaendesha.