Msikilizaji wa Matusi

Mama yake alimbandika jina la Kiguunjia kabla hajaachishwa ziwa vizuri, maana mtoto yule hakuwa na makalio ya kukaa. Ukimweka mkekani, yuko mlangoni, ukimtoa mlangoni, jirani anaita, "Njooni mchukue mtu wenu." Alikua, akasoma, akawa mwanamke mzima, na bado akipokea simu lazima aizunguke nyumba, na chai aliinywa wima kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Sasa mtu wa namna hiyo, ajabu ya Mungu, riziki yake ikamjia kwenye kiti.

Kazi ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la vigae, katika chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka. Meza zilipangwa safu kwa safu, kila meza na kompyuta yake, kila kompyuta na mtu aliyevaa hedifoni. Kampuni hiyo haikutengeneza kitu. Ilikodiwa na waliotengeneza gemu moja la vita, gemu linalochezwa mtandaoni na watu wasiojuana, kila mtu yuko kwao, wanawindana milimani huku wakiongea kwa vipaza sauti. Mchezaji akitukanwa anabonyeza kitufe cha malalamiko, na kipande cha maongezi kinakatwa na kutumwa ghorofa ya tatu. Hapo Kiguunjia anasikiliza na kuamua: onyo, kunyamazishwa kwa muda, au kufungiwa kabisa. Kisha kinachofuata. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na saa ndogo inayorudi nyuma. Ukichelewa inageuka nyekundu, na jina lako linatokea kwenye ubao mkubwa ukutani, kila mtu alione.

Miezi ya kwanza alikuwa akienda chooni kulia. Baadaye aliacha, na kule kuacha kukamtisha kuliko kulia. Alijikuta anasikia mtu akitukaniwa marehemu mama yake, na yeye anawaza kama sabuni ya kufulia imebaki nyumbani. Miguu tu ndiyo iliyokataa kuzoea. Chini ya meza ilitikisika zamu nzima, hadi mwenzake wa meza ya pili, mama wa mapacha, akawa anamwambia, "Shoga, punguza mwendo, utafika kabla yetu."

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama yao ambaye alikuwa fundi cherehani, na kaka yake mkubwa.

Kaka huyu alikuwa mchoraji, na mtu akitaka kujua mikono yake ilivyobarikiwa, aitazame ile milima ya lile gemu. Aliichora yeye. Milima, mawe, miti iliyopigwa na upepo, vyote vilipita chini ya kidole chake alipokuwa ameajiriwa na wenye gemu. Miezi ya mwisho kabla halijatoka alilala chini ya meza yake ya kazi, akijifunika koti. Mkubwa wa kazi aliwaambia kwamba wao ni familia, na familia haiangalii saa. Mchumba wake alisubiri, akasubiri, mwisho akasema hawezi kuolewa na kiti kitupu. Gemu likatoka, dunia ikalipokea kwa vifijo, na kabla mabaki ya keki ya sherehe hayajatolewa jikoni, nusu ya wafanyakazi walipata ujumbe kwenye simu unaowashukuru kwa moyo wao wa kujituma. Kufika mlangoni, kadi hazifungui.

Akarudi kwa mama na mizigo miwili: kompyuta yake na ukimya. Asubuhi alituma maombi ya kazi. Mchana aliingia ndani ya gemu, mlango umerudishwa, na huko hakuna aliyemuuliza alikokuwa. Akitoka alikuwa yule yule kaka wanayemjua: anakata mboga, anafagia vipande vya vitambaa, anamtungia mama uzi kwenye sindano kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kumsaliti.

Mara moja tu ndugu hawa walibishana kuhusu kazi ya Kiguunjia. Alikuwa amerudi na kichwa kinamgonga, akasema watu wa mtandaoni wamelelewa na nani.

"Unawaonea," kaka alisema, anamenya viazi. "Matusi ni chumvi ya mchezo. Uwanjani watu si wanatukanana? Filimbi ikilia wanapeana mikono."

"Hawa hawapeani mikono, Kaka. Hawa wana midomo tu."

"Basi wanaoumia wazime. Nani kawashika?"

"Na wewe walipokufungia mlango wa kazini, mbona hukuzima?"

Kaka aliweka kisu chini taratibu. "Hilo jingine," alisema, na mama akawakumbusha kwamba viazi havijimenyi kwa ubishi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mapumziko ya mchana, saa ambayo chumba kinanuka vyakula vya watu na macho yanakuwa mazito. Kiguunjia alifungua kipande kilichofuata. Sauti ya kwanza ilikuwa ya msichana, nyembamba, ya mtu anayeongea huku anajiziba mdomo asisikike na watu wa kwao.

"Samahani, kaka, nimekosea njia. Ndiyo najifunza."

Akajibiwa na sauti ya kiume, iliyokwaruzwa na kipaza sauti. "Umetuua wote, mpumbavu wewe. Nani kakuita huku? Unajua kwa nini umejikalia huku mchana kutwa? Kwa sababu huko kwenu hakuna anayekutaka. Zima hiyo mashine ujifie, hakuna atakayeuliza."

Kidole cha Kiguunjia kilikuwa tayari juu ya kitufe. Matusi ya namna hiyo aliyasikia kila siku. Lakini nyuma ya yule mwanamume palikuwa na kitu kingine, mlio wa mashine: tatatata, kwi. Tatatata, kwi. Mlio wa cherehani ya miguu ambayo mkanda wake umelegea, na kila gurudumu likimaliza mzunguko linalalamika mara moja.

Alibonyeza hedifoni masikioni kwa viganja viwili. Cherehani ikanyamaza, na sauti ya mwanamke mzee ikaita kwa mbali: "Baba, uzi umekatika! Njoo unitungie."

Yule mwanamume akageuza mdomo pembeni, na sauti yake ikabadilika ikawa laini kama ya mtu anayembeleza mtoto. "Nakuja, mama yangu. Nusu dakika tu."

Kisha akarudi kwa msichana. "Bado upo? Nimesema ujifie."

Kiguunjia hakukumbuka kusimama. Alichokumbuka ni waya wa hedifoni kumvuta sikio na kiti kugonga meza ya nyuma. Saa ikawa nyekundu. Jina lake likapanda ubaoni. Mama wa mapacha akamshika mkono, "Vipi?" naye akawa anatembea hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Msimamizi wa zamu akaja. Alikuwa mwanamume mtaratibu, mwenye mabega yaliyoinama. Kabla ya kupanda cheo alikuwa naye msikilizaji.

"Kuna nini hapa?"

"Namjua huyu," Kiguunjia alisema. "Huyu mtu namjua."

"Basi kanuni unaijua. Unayemjua humwamui wewe. Sogea."

Akavaa hedifoni, akainama, akasikiliza kidogo tu. Akafungua historia ya akaunti ile. Malalamiko yalishuka kwenye skrini kama maji ya bomba. Lile halikuwa la kwanza wala la tano, na maonyo alishapewa. Msimamizi akabonyeza: kabisa.

"Hukusikiliza mpaka mwisho," Kiguunjia alisema. "Hukumsikia mama."

"Mama gani?"

Kiguunjia akaanza tena zile hatua zake mbili.

"Dada yangu," msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "nimesikiliza miaka. Ukianza kutafuta mama zao humo ndani, hutamaliza zamu. Kanywe maji. Na ukitoka nje ya mlango ule, hujasikia kitu. Ulitia saini."

Zamu ilipoisha hakupanda gari. Alitembea. Alipita mitaa ya maduka ya simu, akapita karakana za kuchomelea vyuma, akapita kituo chake cha kushukia bila kukitazama, na kila alipojaribu kupanga maneno yalimkimbia. Akikaa kimya, atakula vipi meza moja na mtu yule? Akisema, anaweza kupoteza kazi. Na je, kaka akijibu kwamba ni chumvi ya mchezo? Alifika nyumbani viatu vimejaa vumbi, akazunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia.

Ndani, safari hii mwenye miguu alikuwa kaka. Anatoka chumbani, anaingia, anashika kichwa.

"Wamenifungia!" alisema alipomwona. "Kabisa kabisa! Ile milima nimeichora mimi, jiwe kwa jiwe. Kwanza wakanifukuza ofisini, sasa wananifukuza hata mle ndani. Wewe si uko huko? Waulize! Nimefanya nini mimi?"

Mama alikuwa kwenye cherehani yake kando ya dirisha, kidole chini ya kitambaa. "Mwenzio hajatulia tangu mchana," alisema. "Msaidie, mama. Huenda ni makosa."

Kiguunjia alitaka kusema hajui. Alifungua mdomo aseme hajui.

"Nilikusikia," alisema.

"Ulinisikia nini?"

"Nilikusikia, Kaka. Yule msichana aliyekosea njia. Na mama anakuita utunge uzi."

Kaka alisimama hapo hapo. Halafu akaanza kuongea harakaharaka: kwamba ni mchezo, kwamba kila mtu anasema hivyo, kwamba wao hawajui mtu anavyoweza kuchora miaka mitatu kisha akaonekana takataka, kwamba mle ndani ndimo mahali pekee alipobaki na sauti.

"Alisema nini?" mama aliuliza.

Kaka akainama, akaanza kuokota vipande vya vitambaa sakafuni.

"Nimeuliza, kamwambia nini huyo mtoto wa watu, na mimi nipo hapa nashona?"

"Ni maneno ya mchezo tu, mama," kaka alisema.

"Vizuri. Kama ni ya mchezo, niambie na mimi." Mama alisukuma kiti, akageuka akamkabili mwanawe. "Niambie mimi kama ulivyomwambia yeye. Maneno yale yale. Tucheze."

Kaka aliangalia dari. Aliangalia mlango. Midomo yake ilianza neno la kwanza, "Huko kwenu...", likakwama. Alijaribu tena, na safari hii hata hilo halikutoka. Mama hakumsaidia. Alikaa anamtazama, mikono magotini, akingoja kwa adabu kama mtu anayengoja kuamkiwa. Mwishowe kaka alikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, mwanamume mzima, akajifunika uso kwa viganja.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naambiwa," alisema. "Maneno yale. Kila siku nilikuwa najiambia mimi."

"Najua," mama alisema. "Lakini yeye hakujua."

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo nyumba ilitulia. Haikutulia. Ndugu wale walipishana ukumbini wiki kadhaa kama wapangaji, salamu tu, na kila mmoja akiona haya kwa sababu yake. Kiguunjia alikuwa ameiona aibu ya kaka. Kaka alikuwa anajua kwamba dada alivunja sharti la kazi, na angeweza kumchongea kwa neno moja. Hakusema. Pengine hilo ndilo lilikuwa kuomba radhi kwake.

Kazini mambo yaliharibika. Kiguunjia hakuweza tena kusikia sauti tupu. Nyuma ya kila tusi alisikia nyumba: bomba linavuja, mtoto analia, redio ya jirani, mlango wa bati. Alichelewa, jina lake likahamia ubaoni kama aliyepanga chumba. Msimamizi alipomwita, aliingia na mama wa mapacha na wengine wanne ambao hakuwaomba, na wakasema kwa pamoja kwamba mtu akisikia kipande kibaya anahitaji kupumua kabla ya kinachofuata. Msimamizi alisema hata yeye alishalipeleka ombi hilo juu, zaidi ya mara moja. Akalipeleka tena. Jibu lilikuja: kona moja ya chumba ilizungushiwa pazia, ikawekwa kiti cha sponji na picha ya maporomoko ya maji. Ile saa ndogo haikuguswa. Mama wa mapacha alikwenda kukikalia kile kiti, akarudi. "Kizuri," alisema. "Nimepumzika, na nimeshachelewa."

Kiguunjia bado yuko pale. Anatafuta kazi nyingine, na akiipata ataondoka siku hiyo hiyo, kasema.

Kaka alipata kibarua kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, kuchora picha za mifupa na majani. Siku ya kwanza walimwambia aende nyumbani jua bado liko juu, akarudi akiwa na wasiwasi, akauliza kama ameshafukuzwa. Kompyuta yake aliigeuza ikatazama ukuta.

Jioni moja Kiguunjia alikuwa uani, simu sikioni, anazunguka kama kawaida yake. Alipoikata alimkuta kaka mlangoni, anakausha sahani ambayo ilikwisha kukauka.

"Yule msichana," kaka alisema. "Bado anacheza?"

"Sijui, Kaka."

"Huwezi kuangalia?"

"Hatuoni majina. Kipande kikiisha kinafutika. Kinachotokea baadaye hatuambiwi."

"Hata kama... hata kama alijifia kweli?"

"Hatuambiwi."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kuipangusa ile sahani, pande zote mbili, na Kiguunjia akaanza tena kuuzunguka ua.