Mjane wa Assani Mbele ya Hakimu

Asubuhi ya kazi ya lazima ya barabara, polisi wa chefu, mtawala wa kienyeji, walimkuta Assani amelala chini ya blanketi mbili, homa imempanda. Ilikuwa mwaka 1955, pale Baraka. Mke wake Waridi, aliyekuwa uani akianika ndagala, dagaa wa ziwani, aliwaambia kwamba mgonjwa hawezi hata kukaa. Wakamwinua hivyohivyo, wakampeleka kwenye kasho, chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi ya chefu. Siku mbili Waridi alimpelekea uji. Siku ya tatu polisi mmoja, Jacques, alimrudishia bakuli likiwa bado limejaa.

"Mama, bwana yako alikufa jana," alisema. "Tulishamuzika."

"Mulimuzika wapi?"

Jacques akafunga mlango.

Hakuna aliyemwosha Assani, wala aliyemvika sanda. Waridi alikaa eda ya mume asiye na kaburi, kisha akarudi kwenye ndagala zake, kwa sababu alikuwa na mabinti wawili wa kulisha.

Chefu Raphaël alikuwa mtu mkubwa siku zile. Wengi walimpenda kweli: zahanati aliileta yeye, na daraja la kwenda sokoni alilijenga yeye. Lakini ukoo mwingine ulikitaka kiti chake kwa miaka mingi. Mwaka 1957 aligombana na Administrateri Mbelgiji, mkuu wa eneo, akavuliwa medali ya uchefu. Mwaka uliofuata ikaja habari iliyoushtua mji wote: Raphaël ameshitakiwa kwa kifo cha Assani.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyelitaja jina la Assani. Sasa lilikuwa katika kila mdomo.

Watu wa chefu walisema Wazungu wamenunua kesi ili kumvunja mtu wao. Watu wa ule ukoo mwingine walicheza ngoma mchana kutwa. Msikitini, ndugu waliokuwa wakisimama bega kwa bega wakaanza kutengana safu. Latifa, rafiki ya Waridi tangu utoto, alikuwa amezaa na mdogo wa Raphaël. Siku moja walikutana kwenye njia ya ziwani. Waridi akasalimu. Latifa akahamishia ndoo yake mkono wa pili, akapita.

Aliyekuja nyumbani ni Yunusu, mdogo wa marehemu. Naye alikuwa upande wa wale waliokitaka kiti.

"Mulamu, kule Fizi kwa hakimu utasema ulimuona chefu akimupiga kaka kwa mukono yake," alimwambia shemeji yake. "Hii neno moja tu, njo itamumaliza."

"Mi sikumuona akimupiga, Yunusu."

"Kaka alikufa! Unataka huyu muntu arudi kwa kiti?"

"Kiti ni yenu. Mi nataka kujua bwana yangu iko wapi."

Yunusu aliondoka bila kunywa chai aliyowekewa.

Hakimu Mzungu alitoka Bukavu, kesi ikasikilizwa Fizi, juu mlimani. Waridi alipanda huko kwa miguu, akalala njiani kwa watu asiowajua. Nje ya baraza makundi mawili yalitukanana, polisi wamesimama katikati. Ndani, Raphaël alikaa kwenye benchi bila kofia. Waridi alishangaa kuona alivyokonda. Alikuwa amemwandalia moyoni maneno makali, lakini yakamkauka.

Aliapa, akasimulia homa, blanketi, uji. Mkalimani akamuuliza kama alimwona mshitakiwa akipiga au akiamuru mtu apigwe.

"Hapana. Niliona balimubeba. Sikuona ingine." Kisha akamgeukia yule mzee kwenye benchi. "Chefu, sikuja kukutukana. Balimuzika wapi?"

Mkalimani alitafsiri. Hakimu akasema hilo si swali la kesi. Raphaël akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mi sikuuliza."

Raphaël alipewa kifungo cha mwaka mmoja kwa kumfungia mgonjwa. La kuua halikuthibitika. Watu wake walilia, wakakimbia nyuma ya kamyo, lori lililomchukua. Upande wa pili walikasirika kwamba adhabu ni ndogo. Waridi alipotoka, mwanamke mmoja alimtemea mate, akimwita muuaji wa chefu. Hatua chache mbele, Yunusu alimwambia kwamba amemuuza kaka yake. Tangu siku ile Yunusu hakukanyaga tena nyumbani kwa Waridi.

Aliyemfuata barabarani ni Jacques, ambaye alikuwa ameshaacha upolisi. Alitembea naye hadi Baraka, nyuma ya ile ofisi ya zamani ya chefu. Palikuwa na shamba la pamba, mistari imenyooka hadi mtoni.

"Ni humu," alisema. "Lakini tulizika batatu mwaka ule, na hakukuwa pamba. Siwezi kukuambia ni wapi kabisa. Unisamehe, mama."

Waridi alivua viatu, akaingia, akatembea mstari kwa mstari, akisoma Fatiha kila baada ya hatua chache, hadi sauti ikamwisha.

Baadaye alikwenda kwa chefu mpya, yule ambaye ukoo wake ulikuwa umecheza ngoma, akaomba kipande kidogo cha shamba lile kisilimwe.

"Mama, hii maneno ilishapita," chefu mpya alimwambia. "Usituamushie fujo."

Msimu ule pamba ilipandwa kama kawaida. Wakati wa kuvuna, Waridi aliomba kazi pamoja na wavunaji. Mabinti zake walimwuliza kwa nini ajichoshe huko shambani, na ndagala zipo. Aliwaambia anakwenda kumwona baba yao. Kesho yake mkubwa akabeba kikapu, akamfuata.