Kiraka cha Njano

Sikuzaliwa na subira, na vita vilinimalizia hata ile kidogo niliyokuwa nayo. Kila lori letu lilipotoka Butembo kwenda Oicha kuchukua kakao, mdogo wangu akiwa kwenye usukani, mimi sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikatoka barabarani, nikarudi. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, nilitia kiraka kwenye turubai ya lori: kipande cha koti la mvua la marehemu baba, la njano, nikakishona mara mbili. Lori hilo ndilo lililotulisha sote tangu baba afe.

Mwishowe nikaanza kutafuta mtu wa bima. Akina mama wa kanisani kwetu Vulamba walinicheka, wakasema kukata bima ni kuita ajali kwa jina. Niliwajibu kwamba ajali za barabara ya Beni hazingoji kuitwa. Nilimpata mjini Beni, nyuma ya duka la vipuri: dalali Mwislamu, mtoto wa wasafirishaji, aliyewatafutia watu bima kwa kampuni moja ya ng'ambo ya mpaka. Alinisomea karatasi polepole, nami natikisa mguu.

"Moto iko ndani, mama. Kupinduka iko ndani. Bezi bakiiba lori, pia. Mais vita, hapana."

"Vita hapana? Sasa mi niko naogopa nini, papa? Mvua?"

"Niko nakuambia leo, juu kesho usinitukane."

Nilimtukana palepale, moyoni, kisha nikatia sahihi.

Haukupita muda, mdogo wangu akarudi kwa miguu, bila viatu. Watu wenye sare na bunduki walimshusha karibu na Oicha, wakaenda na lori na kakao yote. Nilimkumbatia, nikalia, nikamshukuru Mungu, halafu nikaanza kuliwazia lori. Ndivyo nilivyo.

Dalali alikuja nyumbani, akatuketisha.

"Mukisema ni basoda, bale benye sare, ile ni vita, kampuni hailipe. Na basoda benyewe batasikia, batamutafuta huyu kijana. Museme bezi. Mais kampuni inaomba karatasi ya bureau ya commandant."

Basi tukaenda wote watatu Beni, kwa wakubwa wa wale wale wenye sare. Uani askari walikuwa wamejitandia kivuli kwa turubai ya kijani. Nikainua macho. Katikati palikuwa na kiraka cha njano.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kukiona. Dalali akanitazama usoni, akaelewa.

"Mama, angaria chini," akaninong'oneza.

Afande alikuwa amekaa mezani, hapo hapo kivulini.

"Bale bezi, munabajua?"

Damu ilinichemka. Nilitaka kupiga kelele wanisikie mpaka Mangina. Kisha nikaiona miguu ya mdogo wangu, vidonda havijapona.

"Hapana, chef. Hatubajue."

Akatupa pole, akagonga muhuri. Kwa karatasi ile kampuni ililipa, tukapata lori jingine, na dalali yule sikumtukana tena, hata moyoni.

Lakini siku hiyo, kabla hatujaondoka, mvua ilishuka ghafla. Afande akatuambia tungoje pale pale, tusilowe. Tukasimama chini ya turubai yetu, pamoja na askari wake, tukasema asante. Haikuvuja hata tone.