Pete ya Mama na Watu wa Zimamoto

Nyigu alimuuma mama kidole cha pete asubuhi moja akianika nguo, huko kwetu mtaani Satellite. Kufikia saa nne kidole kilikuwa kimevimba kama muhogo na pete imezama ndani ya nyama. Nesi wa kliniki ya mtaani alijaribu sabuni, akashindwa, akaniambia, "Mpeleke town, kwa watu wa fire. Wao ndio hutoa pete zilizokwama."

Mama alinitazama. "Kwani mimi naungua?"

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Tulipofika River Road niliingia kwenye hardware ya kwanza niliyoiona, nikamwomba mwenye duka atusaidie. Akatoa msumeno wa kukatia vyuma. Mama alificha mkono ndani ya leso akaendelea kutembea kama hanijui. Pete ile alivishwa na baba, na baba tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Mama hakuwa ameivua hata siku moja.

Kwenye kituo cha zimamoto nilitarajia tufukuzwe. Lakini mzima moto mmoja, mtu wa makamo, alivuta benchi akamketisha mama kando ya gari kubwa jekundu.

"Pole mum. Hii kidole inauma sana?"

"Kata tu hiyo pete," nikadakia. "Kidole kinageuka rangi."

Alimwuliza mwenye kidole. "Unataka nikate?"

"Sitaki."

"Basi tujaribu na uzi. Ikikataa nitakata, mum, sitakudanganya. Kidole huwezi nunua ingine."

Akapenyeza ncha ya uzi chini ya pete kwa waya mwembamba, kisha akauzungusha kidoleni, akikaza, hadi ukavuka kifundo. Mama aliuma leso. Uzi ukakatika. Akaanza upya, bila kuguna, na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuzungusha kengele ilipolia. Mtu akapaza sauti kwamba ni ghala la magodoro. Wenzake walikuwa tayari wanapanda gari. Akanishikisha ile ncha iliyopita chini ya pete.

"Fungua polepole, ukizungusha kuelekea kwa ukucha. Usivute."

Gari likaondoka naye.

Nikabaki na kidole cha mama mkononi, mimi niliyetaka pete ikatwe. Kila nilipofungua mzunguko mmoja, pete ilisogea kidogo, hadi ikavuka kifundo na kuniangukia kiganjani ikiwa nzima. Niliona haya, nikalia. Mama alinipangusa machozi kwa leso ileile aliyokuwa ameiuma.

Nikasema twende nyumbani. Akakataa. Mtu hasaidiwi akaondoka bila kusema asante, na asante yenyewe alikuwa akiipanga, nilimwona akiirudiarudia kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Aliyebaki kupokea simu alituletea chai. Tukaketi pale hadi alasiri.

Gari liliporudi, yule mzima moto alishuka akikohoa, uso umejaa masizi, akiburuta miguu. Nilidhani atapita kwenda kunawa. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi letu, kofia ikiwa bado kichwani.

"Mum, ilitoka?"

Asante yote ya mchana kutwa ikampotea mama. Alichoweza ni kuingiza mkono ndani ya blauzi na kuitoa pete, aliyokuwa ameivaa shingoni kwa uzi uleule wa yule mzima moto.