Mpira Ulioingia Chumbani kwa Mama Mkwe

Jamani, habari hii mke wangu amenikataza nisiisimulie mbele ya watu, lakini kwa kuwa nusu ya Butiama wanaijua na nusu iliyobaki wanaijua vibaya (kuna mtu pale Nyamuswa aliniambia eti nilikutwa chini ya kitanda, mimi, chini ya kitanda!), bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa. Aibu ni yangu, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Naitwa Masatu, mwalimu hapa Musoma, mtu wa ziwani, na huwa nachezaga besiboli. Msicheke. Tuna timu yetu ya walimu, na mchezo wenyewe hauna maneno mengi, mmoja anakurushia mpira mdogo mgumu, wewe unaupiga kwa gongo, halafu unakimbia. Shida yangu ilikuwa moja, kila nikipiga, mpira unapaa juu kabisa, unakaa huko unautazama mji, kisha unashuka taratibu mikononi mwa mtu na mimi natolewa. Asubuhi nilikuwaga nafanya mazoezi ufukweni, karibu na Mwigobero, na akina mama wa dagaa wakiniona tu natokea wanafunika mabeseni yao.

Kapteni wetu alinichoka. "Masatu, wewe hupigi mpira, unauchota kama mtu wa koleo. Bega lako la nyuma limeanguka, gongo linapita chini ya mpira, usipae kwa nini? Simama sawa, geuza nyonga kwanza, mikono ifuate, gonga mpira katikati. Uende umenyooka, usawa wa kifua cha mtu." Nikawa naota maneno hayo, nyonga kwanza, mikono ifuate. Darasani naandika ubaoni huku nageuza nyonga, wanafunzi wananitazama.

Sasa Jumapili moja tulikuwa na mechi Bunda, na katika mipira yetu mitatu miwili ilishafumuka nyuzi, umebaki mmoja mzima, na aliyekabidhiwa kuutunza ni mimi. Na Jumamosi yake, yaani kesho yake ndiyo mechi, wazee wangu walikuwa wanakwenda Butiama kuongea mahari ya Wegesa, mchumba wangu wa miaka minne. Mtu mwenye akili angeuacha mpira nyumbani. Mimi niliutia mfukoni mwa koti, nikasema usije ukapotea.

Kwa asiyejua mila za huku Mara, ngoja niseme kidogo ili mnielewe. Mkwe na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hampeani mkono, hamtazamani usoni, mama akipita njia hii wewe unashika ile, na mkiwa na neno mnapitisha kwa mtu mwingine. Na chumba chake cha kulala, ndugu zangu, hata mlango wake huutazami. Mtu anaweza kunyimwa mke kwa jambo hilo tu.

Tulifika saa nne na samaki wetu, sato wakubwa, kwenye kapu, wazee wakakaribishwa sebuleni, mimi nikaambiwa nisubiri nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Mafuru, mtu wa maneno matamu. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, nasikia tu sauti za wazee zikipanda na kushuka, na roho yangu inapanda na kushuka nazo. Hapo ndipo nikaona mpini mpya wa jembe umeegemezwa ukutani. Nikasema acha ninyooshe mwili, mara mbili tatu tu, bila mpira. Nyonga kwanza, mikono ifuate.

"Shemeji, unapigana na nzi?"

Alikuwa Nyangeta, mdogo wake Wegesa, naye mwalimu wa shule ya msingi, mdomo haujui kupumzika. Ikabidi nimweleze, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyocheka, akasema wanaume wa Musoma mna kazi. Nikaona hapana, huyu shemeji yangu lazima aone. Nikautoa mpira mfukoni. "Nirushie mmoja tu, taratibu." (Mmoja tu! Heri ningekatwa ulimi saa ile!)

Akarusha. Nikasimama sawa, bega likakaa, nyonga ikageuka kwanza, mikono ikafuata, na jamani, nilisikia pale mpini ulipougonga mpira katikati, sikuwahi kusikia kitu kile mikononi mwangu maisha yangu yote. Mpira haukupaa. Ulikwenda umenyooka, usawa wa kifua, ule ule wa kapteni, nikainua mikono kushangilia, na mpira ukaingia ndani ya nyumba kupitia dirisha la mbao lililokuwa wazi, ukagonga bati huko ndani, paaa!

Sauti za wazee sebuleni zikanyamaza.

Kichwani mambo yalikuwa mawili tu, mechi ya kesho na mpira pekee tulionao. Kupitia dirishani nililiona gunia la mahindi, nikajua ni stoo. Nikipita mlango wa mbele nitakatiza katikati ya wazee, nitasema nini? Dirisha lenyewe halina nondo, liko usawa wa tumbo, sekunde moja natoka nao. Nyangeta akafungua mdomo, "Shemeji, hapo usi..." lakini mimi nilishajitupa, kichwa na mabega ndani, miguu nje.

Haikuwa stoo. Gunia lilikuwa gunia, ila pembeni yake kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda ameketi mama mkwe wangu, kilemba nusu kimefungwa nusu kinaning'inia, anajiandaa aitwe sebuleni kusalimia wageni, na mpira wangu umetulia miguuni pake karibu na sanduku la bati. Tukatazamana. Macho kwa macho, mimi na yeye, umbali wa hatua mbili.

"Uwiiii! Yesu na Maria!"

Nikafumba macho, nikajivuta nyuma nitoke, sitoki. Komeo la dirisha lilikuwa limeingia kwenye mkanda wa suruali. Navuta, linashika. Nachungulia kidogo, namwona mama amegeukia ukutani na kujifunika uso kwa kitenge, na mle ndani hakuna mtu wa tatu wa kupitisha neno. Basi akauambia ukuta.

"Ukuta, mwambie huyo mtu atoke chumbani mwangu."

Ningefanyaje? Na mimi nikageuzia uso wangu ukuta wa upande wangu. "Ukuta, mwambie mama nimenasa."

"Ukuta, mwambie anyamaze!"

Huku nje wazee walishafika. Mkumbuke walichokiona wao ni makalio yangu na viatu vya kuazima. Na baadaye niliambiwa (hili ndilo linaloniumaga zaidi) kwamba mpira ulipogonga lile sanduku, baba mdogo Mafuru alikuwa katikati ya kusema, "Kijana wetu ana adabu, hajawahi kuingia nyumba ya watu bila hodi." Nikasikia sauti yake nyuma yangu, imekauka kabisa. "Mura, wewe kijana, hiyo ni miguu yako?"

Walinivuta watu watatu. Kiatu kimoja kikabaki mkononi mwa baba mdogo, mkanda ukakatika, nikaanguka kwenye vumbi mbele ya baba mkwe. Alinitazama, akalitazama dirisha, akageuka akaingia ndani. Wazee wa upande ule wakamfuata, mlango ukafungwa. Tukabaki watu wa Musoma peke yetu pale uani, baba mdogo amekishika kiatu changu, hajui akiweke wapi.

Wegesa akatokea jikoni na mikono ina unga. Nilidhani atanifokea, heri angenifokea. Alisema taratibu, "Masatu, miaka minne. Nimemwomba baba miaka minne akubali mtu wa ziwani. Umekwenda kufanya nini kule?" Nikasema, "Mpira." Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, mwanaume mzima nimekaa chini na soksi moja. Nilishtuka kwamba kitu nilichokitaka kuliko vyote kinaweza kuondoka hivi hivi mchana kweupe, kwa mpira mmoja tu, na tena kwa kuupiga vizuri.

Tulikaa pale kama saa nzima. Wazee wangeweza kusema watakavyo, lakini neno lilikuwa la mama, maana chumba ni chake na aibu ni yake. Mwisho Nyangeta akatoka, hana kicheko hata kidogo, akasimama mbele yangu. "Mama anauliza, aliyepiga ule mpira, alikuwa amelenga dirisha?"

"Hapana! Mwambie mama mimi sijawahi kulenga kitu nikakipata!"

Akaingia, akarudi. "Mama anasema hilo analiamini. Anasema utaleta mbuzi, na blanketi zito, na utakuja mwenyewe kwa miguu kutoka barabara kuu, watu wakuone. Wazee waingie waendelee." Hapo nikapumua. "Na mpira?" nikauliza (jamani, mimi ni mtu gani?). Nyangeta akanitazama kwa huruma. "Mpira umefungiwa sandukuni. Shemeji, usiuulize tena."

Kesho yake Bunda tulichezea mpira wa wenyeji wetu, na kapteni hajanisamehe. Mimi nilipiga mara tatu, zote zikapaa. Kila mpira ukinijia naona kilemba kinaning'inia, bega linaanguka lenyewe. Mbuzi nilimpeleka, blanketi nilipeleka, nikitembea na mbuzi wangu njia nzima, na waliotoka kuniona walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea.

Siku ya kumchukua Wegesa, ngoma zimeshapigwa, watu wanapakia vyombo kwenye gari, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba palepale nikisubiri. Dirisha sasa lina nondo. Nikaona mkono unatoka katikati ya nondo, unaweka kwenye kizingiti kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge, na kwa ugumu wake nilijua ni mpira wangu. Haraka nikageuka, nikalipa dirisha mgongo. Sauti ikatoka ndani, imezibwazibwa, ya mtu aliyekuwa analia tangu asubuhi.

"Ukuta, mwambie huyo mtu anitunzie mwanangu."

Nikauambia ukuta umwambie mama nimesikia, nitamtunza, na gongo sitalishika tena ukweni maisha yangu yote.